Kuunganisha ugonjwa, vumbi na kazi kwenye faili la mchimbaji wa Kolwezi

Mchimbaji wa Kolwezi, mji wa migodi katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye kifua kikuu na makovu ya vumbi la silika mapafuni (silikosisi) ana mambo matatu kwenye faili moja: ugonjwa wa kuambukiza, ugonjwa wa kazini, na kazi yenyewe. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, kifua kikuu cha mapafu kiko A15 na A16, silikosisi iko J62, na mwenye yote mawili anapewa J65. Lakini J65 inachanganya silika, makaa ya mawe na asbesto. Anayetaka kujua ni vumbi gani limemwumiza mgonjwa hapati jibu humo.

Eldoret, Kenya, walichukua njia nyingine. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walianza kuunda OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, kwa ajili ya mpango wa AMPATH wa kutibu VVU. Ikaanza kutumika Februari 2006. Moyo wake ni kamusi ya dhana. Kila ugonjwa, kipimo, dawa, hata swali la fomu, lina namba yake, na majina ya lugha mbalimbali yanafungwa kwenye namba hiyo. Taarifa huandikwa hivi: nani, dhana ipi, jibu gani, lini. Swali jipya huongezwa kwenye kamusi bila kubomoa hifadhidata.

SNOMED CT, istilahi ya kimataifa ya tiba, inaongeza uhusiano kati ya dhana: silikosisi ni aina ya ugonjwa wa mapafu, inasababishwa na vumbi la silika. Hapo kompyuta inaweza kukusanya wagonjwa kwa chanzo.

Hata hivyo chanzo lazima kiwe dhana inayojitegemea. Mwaka 2018, timu ya Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ilionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi unaochimbwa kobalti, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mno mkojoni. Mtoto wa namna hiyo si mchimbaji, na kobalti mkojoni peke yake si ugonjwa. Ukimwandikia ugonjwa umekosea; usipoandika chochote, ushahidi umepotea.

Wanaopanga fomu za vituo vya afya vya Lualaba waweke maswali matatu, kila moja na namba yake: mgonjwa anafanya kazi gani, anaishi karibu na mgodi upi, kwa miaka mingapi. Bila hayo, hakuna programu itakayoonyesha mchango wa vumbi katika magonjwa ya mkoa huu.