Ufundi wa Aliyeketi Katikati

PgBouncer ni proksi, yaani programu ndogo inayokaa kati ya hifadhidata ya PostgreSQL na programu zinazoitumia. Iliandikwa kwa lugha ya C katika kampuni ya Skype na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Kazi yake ni kuwawezesha wateja wengi kutumia njia chache bila kugombana. PostgreSQL humfungulia kila mteja mchakato wake peke yake ndani ya seva, na mchakato huo hula kumbukumbu hata mteja akiwa amenyamaza. Isipobadilishwa, seva hupokea miunganisho 100 na hapo ndipo mwisho wake.

Kando ya Ziwa Tanganyika PostgreSQL si jambo la mbali. Takwimu za vituo vya afya vya Uvira, zikiwemo za kipindupindu, huingia katika mfumo wa DHIS2, uliokuzwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda. DHIS2 huhifadhi data yake katika PostgreSQL. Yenyewe ina akiba yake ya miunganisho, hivyo si lazima iwekewe mtu wa kati. Shida huanza pale programu nyingine, za ramani na za takwimu, zinapokuja kuchota kwenye hifadhidata hiyohiyo.

Namna proksi inavyogawa njia inafanana na foleni ya bidoni kwenye robine ya umma mtaani Songo, mjini Uvira. Kuna utaratibu ambapo mtu akishaifikia robine ni yake mpaka atakapoamua kwenda nyumbani. Ndio ugawaji kwa kikao. Kuna mwingine ambapo bidoni moja ikijaa anampisha wa nyuma, na akitaka ya pili anapanga foleni upya. Ndio ugawaji kwa muamala, yaani kwa kundi la amri zinazotekelezwa kama kazi moja. Wa pili ndio unaobana matumizi hasa, na ndio unaoleta matata karibu yote.

Matata yenyewe ni ya kumbukumbu. PostgreSQL hukumbuka mambo kwa kila muunganisho: saa za eneo, usimbaji wa herufi, maswali yaliyoandaliwa. Mteja naye anaamini muunganisho aliopewa ni wake, kumbe baada ya muamala huu atahamishiwa mwingine. Proksi inamdanganya kwa nia njema, na fundi wake ana kazi ya kuhakikisha uongo huo haugunduliki. Ukisoma maelezo ya matoleo ya PgBouncer kwa jicho hilo, orodha inayoonekana kavu inageuka kuwa kumbukumbu ya mahali pote ambapo uongo ulishikwa.

Mfano ulio bora ni maswali yaliyoandaliwa. Mteja hutuma swali mara moja, seva hulichambua na kulipa jina, kisha mteja hulitumia tena kwa kutaja jina tu. Chini ya ugawaji kwa muamala, alilitayarisha kwenye muunganisho mmoja, akalitaja kwenye mwingine usiolijua, na seva ikamjibu kwamba swali hilo halipo. Kwa miaka 16 dawa ilikuwa kuacha kutumia maswali ya aina hiyo. Toleo 1.21, la Oktoba 2023, lilimaliza jambo hilo kwa njia ya kupendeza: proksi hukumbuka maneno ya swali, hulipa jina lake yenyewe, na kabla ya kumpeleka mteja kwenye muunganisho fulani huangalia kama swali hilo tayari liko huko. Kama haliko, hulitayarisha kwanza, kimya. Wateja kumi wakiuliza swali lilelile, muunganisho mmoja hulitayarisha mara moja tu.

Hata hivyo mafundi hawakuliwasha kwa kila mtu. Kikomo cha maswali ambayo proksi itayakumbuka kiliwekwa sifuri, anayetaka akiongeze mwenyewe; mpaka toleo 1.24, Januari 2025, ndipo kikawa 200. Subira hiyo ilikuwa na sababu. Toleo 1.22 lilibidi lifundishe proksi kutii amri za mteja za kufuta yote aliyoyaandaa, na 1.22.1 likarekebisha hitilafu iliyojitokeza wateja wengine wakipakia data kwa amri ya COPY: kumbukumbu ilivuja na maswali yaliyoandaliwa yakachanganyikiwa. Kipengele kizuri kilikuwa kimekuja na wadudu wake, kama kawaida.

Toleo 1.23 la mwaka 2024 liligusa jambo dogo lenye madhara makubwa. Ishara ya SIGTERM ilikuwa ikiizima proksi papo hapo. Sasa proksi huacha kupokea wapya na kungoja waliomo waondoke wenyewe. Michakato miwili ya PgBouncer ikishirikiana mlango mmoja, mmoja unaweza kubadilishwa bila mteja kukatwa. Mabadiliko ya namna hii huvunja hati za wasimamizi waliozoea ya zamani, na ni haki kwamba yalitajwa waziwazi. Anayetaka kuzima ghafla ana SIGQUIT.

La mwisho ni la usalama. PostgreSQL huruhusu nywila kuwekewa tarehe ya kuisha. PgBouncer, pale ilipoagizwa kumtafuta mtumiaji kwa kuiuliza hifadhidata yenyewe, ilichukua nywila bila kuangalia tarehe, hivyo nywila iliyokwisha muda ikaendelea kufungua mlango. Toleo 1.24.1 la Aprili 2025 lilibadilisha swali la kawaida ili nywila iliyopitwa na wakati irudi tupu. Marekebisho hayo hayamfikii msimamizi aliyejiandikia swali lake mwenyewe katika faili la mipangilio: huyo akishasakinisha toleo jipya bado anapaswa kulifungua faili na kuongeza sharti la tarehe kwa mkono wake.