Mto wa Jirani na Jicho Lisilo na Haraka

Aghalabu mpiga picha husifiwa kwa umbali aliosafiri. Jem Southam, Mwingereza aliyezaliwa Bristol mwaka 1950, anastahiki sifa ya kinyume chake. Kitabu chake The River Winter, kilichotoka mwaka 2012, kinauhusu mto Exe, ambao ndio ulioupa jina mji wa Exeter anakoishi. Katika majira ya baridi ya 2010 hadi 2011 aliufuata mto huo na vijito vyake, akienda na kurudi, tangu majani yanapukutika hadi miti inapokaribia kuchipua tena.

Kamera yake ni kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na filamu yake ina upana wa inchi 8 kwa 10. Chombo cha namna hiyo hakimwachii mtu kupiga ovyo. Humlazimisha asimame, atazame, angoje. Subira hiyo imeingia ndani ya picha. Desemba ya 2010 ilikuwa na baridi kali kuliko Desemba yoyote ya miaka mia iliyotangulia nchini humo, lakini Southam hakuifanya kuwa tamasha. Yaonekana miti mitupu, ukungu, na maji yaliyobeba udongo.

Picha zenyewe hazina majina ya kupamba: ni mahali na tarehe, basi. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Jina na tarehe ni ushahidi kwamba mtu alikuwapo, na kwamba alirudi. Mahali hapajulikani kwa kutazamwa mara moja, hata kwa jicho hodari. Hujulikana pale mtu anapoweza kusema kilichobadilika tangu juzi.

Lawama moja ina haki yake. Mto si maji na miti tu. Wakulima na wafugaji wa bonde lile hawakupewa nafasi kubwa, na kwa hivyo mtazamaji anaujua mto kwa macho kuliko kwa masikio. Mshairi ana la kuongeza hapo.

Lakini ana la kujifunza kwanza. Katika tungo nyingi za Kiswahili mto ni mto tu: hauna jina, hauna msimu, haujulikani unafurika lini wala unavukwa wapi. Unapendeza kuimbwa, ila msomaji hawezi kwenda kuchota maji yake.