Mtazame Beki Shingo

Juzi, katika hadhara ya watu wanaodai kuujua mpira wa wanawake, nilisikia beki mmoja akitukuzwa kupita kiasi kwa kuwa mara tatu katika mchezo mmoja aliteleza majanini akampokonya mpira mshambuliaji aliyekwisha kumpita. Na kwa kuwa sifa zile ziliniudhi hata usingizi ukanipaa, naona ni wajibu wangu kueleza jinsi beki wa kati anavyopimwa.

Beki anayeteleza ni beki aliyechelewa. Bukta yake ikichafuka ubavuni kabla ya mapumziko, pana kosa lililotangulia, ambalo watazamaji hawakuliona kwa kuwa macho yao yaliufuata mpira.

Mwenye kutaka kumjua beki na auache mpira, amtazame shingo. Mpira ungali upande wa pili wa uwanja, na halaiki yote imekodolea macho huko, beki hodari hugeuza shingo kulia, akarudi, akageuza kushoto, si kwa wasiwasi bali kwa taratibu kama nahodha wa jahazi anayeangalia tanga na mawimbi bila kuuachia usukani, akajua mshambuliaji yuko hatua ngapi mgongoni pake, beki wa pembeni amepanda kiasi gani, na kipa amesimama wapi. Kisha, pasi ingali mguuni mwa mpigaji, yeye amekwisha kusogea hatua mbili ambazo aghalabu hapana azionaye, na mpira ufikapo humkuta amesimama wima, akautuliza na kumpa mwenziwe, hata asiyejua akadhani mpigaji ndiye aliyekosea. Asiyegeuza shingo hivyo si beki, ajapokuwa na mbio za swala.

Bingwa wa elimu hii alikuwa Becky Sauerbrunn wa Marekani, ambaye hakusifika kwa mbio wala kwa kimo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2015 huko Kanada, akiwa na Julie Johnston katikati, timu yake ilifungwa bao moja katika mchezo wa kwanza, kisha ikacheza michezo mitano mfululizo bila wavu wake kuguswa, mpaka fainali. Wendie Renard wa Ufaransa naye, mzaliwa wa Martinique aliyetwaa ubingwa wa Ulaya mara 8 pamoja na Lyon, watu humsifu kwa urefu wake wa mita 1.87, kimo ni atia ya Mungu, lakini kichwa chake huufikia mpira wa kona kwa sababu miguu yake ilitangulia.

Walaghai nao wapo. Nilimwona mmoja, jina lake nalisitiri, akimwachia mshambuliaji hatua moja makusudi ili apate kuteleza mbele ya jukwaa kuu. Akashangiliwa msimu mzima, hadi alipokutana na msichana aliyesimama ghafula na kumwacha apite mtupu, kisha akafunga.

Nazikumbuka kwa majonzi zama za Ariane Hingst na Annike Krahn, mabeki wa kati wa Ujerumani iliyotwaa Kombe la Dunia la mwaka 2007 nchini China kwa michezo 6 bila kufungwa hata bao moja. Siku hizi beki huulizwa kwanza amefunga mangapi. Sauerbrunn alistaafu mwaka 2024 akiwa ameichezea nchi yake michezo 219 pasipo kufunga bao lolote, nami sijamwona beki wa kati aliyemzidi.