Kondoa kabla ya Iraki

Anayeanza kutafuta nasaba ya familia ya Kiiraqw au ya Kigorowa pale Nakwa, mjini Babati, hukutana mapema na masimulizi mawili ya asili. La kwanza ni fupi, na limeenea sana miongoni mwa watu waliosoma: kwamba mababu walitoka Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo, wakasafiri vizazi na vizazi mpaka nyanda za Mbulu. La pili ni refu zaidi na limejaa majina: kwamba kabla ya kusambaa watu waliishi Guser Twalay, upande wa Kondoa, kwamba alikuwepo kiongozi aitwaye Haymu Tipe, na kwamba vita ndivyo vilivyowatawanya. Watu wengi huyachukua yote mawili kama sura za kitabu kimoja, Iraki ikiwa mwanzo na Kondoa ikiwa katikati. Mimi naona ni kosa kuyaunganisha. Yakipimwa moja moja, la Kondoa linasimama na la Iraki linaanguka. Wazee nao hukosea kama watu wengine, kwa hiyo sitegemei umri wa msimuliaji. Ninachotegemea ni kwamba kila simulizi linaweza kufuatiliwa hadi mahali lilipoanzia.

Kazi hiyo ya kufuatilia ilifanywa na mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, katika makala aliyoichapisha mwaka 1998 kwenye jarida la Ethnology. Njia yake ndiyo inayostahili kuigwa na kila familia. Badala ya kuanza na swali la kama ni kweli kwamba Wairaqw walitoka Iraki, aliuliza jambo hili lilianza kusemwa lini, na lilisemwa kwanza na nani. Jibu lake ni kwamba lilianza kama dhana ya wasomi, likaingia vitabuni na darasani, na kutoka huko likashuka hadi kwenye vinywa vya watu, mpaka likahesabiwa kuwa mapokeo ya mababu. Hapo ndipo penye mtego kwa mtafiti wa nasaba. Mtu aliyesoma humweleza baba yake, baba huwaeleza wajukuu, na baada ya miaka thelathini mgeni mwenye daftari hufika, husikia, huandika kwamba wazee wanasema hivyo, kisha huona ajabu jinsi maneno ya wazee yanavyolingana na kitabu. Ukweli ni kwamba kitabu kinajisikia chenyewe. Mashahidi wanaonekana wawili, lakini ushahidi ni mmoja.

Dhana yenyewe ilipata wepesi wa kuaminika kwa sababu mbili. Moja ni mfanano wa sauti kati ya jina la kabila na jina la nchi, jambo ambalo peke yake halithibitishi chochote. Ya pili ni nzito zaidi. Enzi za ukoloni ilitawala nadharia ya Wahamiti, iliyopewa nguvu na vitabu kama Races of Africa cha C. G. Seligman cha mwaka 1930, kwamba kila kilichoendelea katika Afrika kililetwa na wageni kutoka nje. Watu wenye lugha isiyofanana na za majirani zao wa Kibantu walikuwa kama wamesubiriwa na nadharia hiyo. Mtu anayerithi simulizi la Iraki leo anarithi pia, bila kujua, mawazo ya watu waliodharau bara lake.

Sasa tulipime simulizi la Kondoa kwa shahidi asiyeweza kufundishwa shuleni, yaani lugha. Kiiraqw na Kigorowa ni ndugu wa karibu sana. Jamaa zao wa karibu wanaofuata ni Kialagwa na Kiburunge, na hizo zote mbili husemwa Dodoma, katika maeneo ya Kondoa na Chemba. Wanaisimu kama Maarten Mous, aliyechapisha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, huziweka lugha hizi katika tawi la Kikushi, na ukitoka nje ya Tanzania ndugu zao wengi wako Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. Kama mababu wangetoka Mesopotamia wakiwa na lugha hii, tungetarajia kumkuta ndugu yake wa karibu kule. Hayupo. Undugu wa mbali wa Kikushi na Kiarabu upo kweli, lakini ni wa kale mno, na lugha za Kikushi zenyewe zote ziko Afrika. Kwa hiyo lugha inamwelekeza mtafiti Kondoa, kulekule wanakoelekeza wazee, na hakuna aliyeipangia iseme hivyo. Nisiongeze chumvi: lugha haithibitishi kwamba Haymu Tipe aliishi, wala kwamba vita vilikwenda kama vinavyosimuliwa. Inathibitisha kwamba mababu wa watu hawa na wa jirani zao wa Kondoa walikuwa karibu. Mahali pamefaulu mtihani, mtu bado.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka maabara. Mwaka 2017 jopo lililoongozwa na Pontus Skoglund lilichapisha katika jarida la Cell matokeo ya vinasaba vya watu wa kale wa Afrika. Mmoja wao alizikwa Luxmanda, ndani ya Wilaya ya Babati, yapata miaka 3,100 iliyopita, katika makazi ya wafugaji. Takriban asilimia 38 ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Levanti, ukanda wa mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Mtetezi wa Iraki atasema: si hayo? Lakini tusome kinachosemwa. Levanti si Mesopotamia. Sehemu kubwa ya asili ya mtu huyo, iliyobaki, ilifanana na ya mtu wa pango la Mota nchini Ethiopia, aliyeishi yapata miaka 4,500 iliyopita. Hii ni picha ya watu waliochanganyika Afrika ya kaskazini-mashariki kwa muda mrefu kabla ya mifugo yao kufika Babati, na haifanani na msafara uliofunga mizigo Baghdad. Tena marehemu mmoja wa Luxmanda hawezi kutangazwa babu wa ukoo fulani wa leo, kwa kuwa kati yake na sisi wamepita Wabantu na Wadatoga na ndoa zisizohesabika. Na hata kama dhana ya wasomi ingeangukia karibu na ukweli kwa bahati, bado isingekuwa kumbukumbu ya mababu.

Hesabu ya vizazi inalionyesha hilo vizuri. Chukua ukoo unaoweza kutaja majina manane kutoka kwa babu kwenda juu. Kwa kizazi cha miaka 25 hadi 30, majina hayo yanabeba miaka 200 hadi 240. Miaka 3,100 inahitaji vizazi zaidi ya mia moja. Baina ya jina la nane na Mesopotamia kuna shimo ambalo hakuna msimuliaji anayelivuka kwa majina. Hulivuka kwa sentensi moja, na mara nyingi sentensi hiyo ndiyo iliyotoka kitabuni. Hata ndani ya yale majina manane kuna hatari. Masimulizi hupenda kuwaunganisha babu wawili wenye jina moja kuwa mmoja, na kuwaacha waliokufa bila wana. Kwa kuwa nasaba huhesabiwa upande wa baba, majina ya mama ndiyo hupotea kwanza.

Hapa ndipo karatasi za kale zinapofaa, na ndipo pingamizi la pili linapokuja: kwa nini niamini maandishi ya mkoloni kuliko neno la mzee? Jibu langu ni kwamba viwili hivi havishindani, kwa sababu udhaifu wa kimoja haufanani na wa kingine. Daftari la ubatizo huandika tarehe ya ubatizo, wazazi wote wawili na msimamizi. Tarehe ya ubatizo ni ya kuaminika. Umri wa mtu mzima aliyebatizwa ni makisio ya padri, na ukiuona unaishia kwenye sifuri au tano, utilie shaka. Lakini jina la mama limo, na simulizi lililisahau. Orodha ya kodi humwona mwenye nyumba na kumpita kijana anayeishi kwa baba yake. Mzee naye anakumbuka yule kijana, ila hana mwaka. Akisema bibi alizaliwa majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakipita kwenda Kondoa, mwaka unapatikana: kikosi cha Jenerali van Deventer kilipita Ufiome, katika eneo hilihili, mwezi Aprili 1916.

Atakayekwenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ajue pia kwamba akiomba mafaili ya Babati peke yake atapishana na babu zake. Wajerumani waliwaita Wagorowa Wafiomi, kwa hiyo atafute Ufiomi na Fiome. Enzi za Waingereza eneo hili lilikuwa Wilaya ya Mbulu. Baadaye likawa chini ya Hanang, likapata wilaya yake ya Babati mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Karatasi hufuata mipaka ya siku zilipoandikwa.

Wapo watakaosema uchambuzi wa namna hii unawavua watu heshima. Naona kinyume chake, na nalichukulia jambo hili kwa uzito. Simulizi la Guser Twalay lilihifadhiwa na watu wasio na kalamu, likabeba habari ambayo lugha imekuja kuiunga mkono. Kulifunika kwa Iraki ni kuwanyima wazee sifa ya kazi yao na kumpa mgeni aliyekisia.

Kwa hiyo ombi langu kwa familia za Nakwa na Babati nzima: mrekodini mzee kwa lugha yake, Kigorowa au Kiiraqw, kabla ya kumtafsiri. Rekodi za Kigorowa zilizokusanywa na mwanaisimu Andrew Harvey na wenzake wa Babati, ambazo zimo katika hazina ya Endangered Languages Archive, zinaonyesha kwamba inawezekana. Na kila anapotaja jambo, mwulizeni alilisikia kwa nani, wapi, na kama yeye au huyo aliyemweleza aliwahi kulisoma. Andikeni jibu pembeni ya jina, na tarehe ya siku hiyo.