Kura ya Wapangaji wa Glasgow

Wapo wanaodai kwamba huko Glasgow, Uskochi, wapangaji wenyewe ndio walioamua. Kweli, mwaka 2002 asilimia 58 ya waliopiga kura walikubali, na mwaka 2003 nyumba zipatazo 80,000 za halmashauri ya jiji zikakabidhiwa shirika jipya, Glasgow Housing Association.

Lakini kura hiyo ilipangwaje? Halmashauri ilikuwa na deni la nyumba la zaidi ya pauni milioni 900. Hazina ilikuwa tayari kulibeba kwa sharti kwamba nyumba zihame. Mpangaji akikataa, deni linabaki, na unyevu ukutani unabaki. Hayo hatuwezi kuyaita madaraka ya umma. (Birmingham walikataa mwaka huo huo.)

Hatuitetei halmashauri, urasimu wake uliwachosha wengi. Ila diwani huondolewa kwa kura. Wapangaji walioingizwa katika bodi ya shirika walibanwa na sheria kulitumikia shirika kwanza, siyo majirani zao.

Basi kwa nini fedha hizo hazikutolewa nyumba zikiwa bado mali ya umma? Jibu limo katika vitabu vya Hazina: mkopo wa halmashauri ulihesabiwa deni la serikali, mkopo wa shirika haukuhesabiwa.