Kumwomba mzee au kumwombea? Kosa tusilolicheka

Juma lililopita nilikuwa Machakos, nyumbani kwa jamaa zangu, katika kikao cha kusuluhisha ugomvi mdogo wa majirani. Mbuzi wa kijana mmoja walikuwa wameingia shambani kwa mzee wa jirani wakala mahindi machanga. Mzee huyo si Mkamba. Alihamia huko miaka mingi iliyopita, kwa hivyo kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili. Fidia ilikuwa imeshaafikiwa. Yalibaki maneno tu. Kijana akasimama, akavua kofia, akasema: "Nimekuja mbele yenu kumwombea mzee msamaha."

Mzee akainua uso. "Kwani mimi nimekosa nini?"

Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka. Alishika bakora yake kama mtu anayetaka kuondoka. Nyanya wa kijana, susu kama wanavyomwita huko, ndiye aliyeokoa jahazi: "Mzee, huyu anakuomba wewe. Hakuombei." Bakora ikarudi chini, chai ikaletwa.

Mpenzi msomaji, tazama jinsi irabu moja ilivyokaribia kuvunja ujirani. Kumwomba mzee msamaha ni kumkiri kuwa ndiye aliyekosewa. Kumwombea mzee msamaha ni kumtetea mbele ya mwingine, kwamba yeye ndiye mkosaji. Katika vitenzi vyote viwili kiambishi -m- kinamrejelea mzee yuleyule. Kinachobadilika ni kauli: -omba na -ombea. Na kauli ikibadilika, nafasi ya mzee katika tendo inabadilika pia.

Nafasi hiyo ina thamani kwa sababu Kiswahili hakina nafasi nyingi. Ziko lugha za Kibantu, Kinyarwanda kwa mfano, ambazo kitenzi kimoja huweza kubeba viambishi viwili au zaidi vya watendwa na watendewa. Kiswahili hukubali kimoja tu. Tunasema "nilimpa mama kitabu", hatuwezi kusema "nilikimpa." Kitabu kinakaa nje, mama anaingia ndani. Mwanafunzi akiandika "kitabu nilikipa mama," amekifanya kitabu kuwa mpokeaji na mama kuwa zawadi! Si kwamba vitu haviwezi kupokea. "Nimekipa kitabu changu jina" ni sentensi safi kabisa, kwa sababu hapo kitabu ndicho kinachopewa. Sarufi inauliza jambo moja: tendo hili limemfikia nani?

Si lugha zote zinazolijibu swali hilo kwa uwazi huo. Mhispania naye, kama sisi, humtaja mpokeaji kwa kiwakilishi kidogo hata pale anapomtaja kwa jina. Atasema "le compré un libro a mi madre," na hiyo "le" inamrejelea mama. Lakini je, alimnunulia mama kitabu, au alikinunua kutoka kwa mama? Sentensi hiyo yaweza kuwa na maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa kutazama muktadha. Sisi tuna "nilimnunulia mama kitabu" kwa maana ya kwanza na "nilinunua kitabu kwa mama" kwa maana ya pili. Mwenye mali hiyo asipoitumia, hasara ni yake.

Sasa nije kwenye lawama zangu. Sisi wapenda lugha tuna kawaida ya kucheka makosa yasiyo na madhara na kuyanyamazia yenye madhara. Mtoto akisema "nipee maji," darasa zima linaangua kicheko. Ni kweli kwamba -pa haihitaji nyongeza, maana mpokeaji tayari yumo katika maana yake. Huenda "pea" imetokana na "pewa," kwa kufuata mfano wa "piga" na "pigwa." Ni kosa katika Kiswahili sanifu, sikatai. Lakini nani amewahi kupotoshwa nalo? Maji yataletwa, na yataletewa aliyeyataka.

Vivyo hivyo "nimeambia mwalimu" badala ya "nimemwambia mwalimu." Tunakunja uso, kisha tunailaumu lugha ya mama: ni Kikamba hicho, tunasema. Nenda Kisumu, ambako Kijaluo si lugha ya Kibantu hata kidogo, utaisikia. Nenda Nairobi, kwa watoto ambao hawajui lugha ya mababu zao, utaisikia tena. Kikamba kinabebeshwa mzigo usio wake.

Linganisha hayo na "mwizi alimwiba mama." Aliyeibiwa mkoba na aliyetekwa nyara wanahitaji msaada tofauti. "Alimwibia" ndiyo inayotuambia kwamba mama yupo salama, kilichopotea ni mali yake. Au mtu akuandikie "nitakupiga kesho asubuhi" akikusudia simu! Kati ya marafiki ni mzaha. Katika taarifa ya polisi, au kinywani mwa mkalimani mahakamani, si mzaha tena.

Je, shule zinafundisha nini? Zinafundisha majina. Kijana wetu alimaliza kidato cha nne. Baada ya chai nilimwuliza aonyeshe shamirisho kitondo katika sentensi "kijana alimwombea mzee msamaha." Alijibu kabla sijameza mate: "Mzee. Na kipozi ni msamaha." Angepata alama zote. Nikamwuliza kuhusu "kijana alimwomba mzee msamaha." Jibu likawa lilelile, na walimu wengi wangemwekea tiki. Basi lebo ni moja, na wazee ni wawili: mmoja amekosewa, mwingine amekosa. Mtihani hauulizi ni yupi.

Sisemi tutupe istilahi. Mimi mwenyewe ninakula kwa istilahi. Ninachodai ni kwamba swali la maana litangulie swali la jina. Mpe mwanafunzi sentensi mbili zinazotofautiana kwa kauli peke yake, kisha umwulize: nani ameombwa? Nani amenufaika? Nani amepoteza? Akishajibu hayo, jina la kitondo litakuwa na kitu cha kushikilia. Na tumtazame mwalimu anayetumia dakika ishirini kufuta "nipee" na sekunde mbili kuipita "kumwombea" kama mtu anayefagia ua huku nyumba inavuja.

Jioni kijana alinisindikiza hadi steji ya matatu. Mzee alikuwa amekunywa chai, lakini alipoaga hakumpa mkono. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Matatu ilipofika, aliniambia: "Mwalimu, ukipita kwa mzee siku nyingine, uniombee msamaha."

Nikasita mlangoni. "Kukuombea?"

Alifikiri kidogo, midomo ikicheza kama anayehesabu. "Ndiyo," akasema. "Hii sasa ndiyo ya kuombea."