Nyayo Zilizozoea Saruji

Bobi aliingia nyumbani kwetu Morogoro akiwa na wiki tisa, na kwa siku nne alituchosha kwa jambo moja. Tukimtoa uani alicheza kwenye majani, akanusa, akakimbiza mijusi, dakika kumi zikapita bila tone. Tukimrudisha ndani, mlango haujafungwa vizuri, alichuchumaa katikati ya sebule na kukojoa juu ya vigae. Dada anayetusaidia kazi alikuwa akipiga deki mara saba kwa siku. Mzee jirani, mwenye mbwa watatu wa ulinzi, alitushauri kile ambacho wengi wetu tumekikuta: mshike shingo, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape kandambili, ataelewa.

Hatukumfuata mzee wetu, kwa heshima zote, kwa sababu adhabu ya namna hiyo huja ikiwa imechelewa. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake pale viwili hivyo vinapofuatana kwa karibu sana, sekunde moja au mbili. Ukimburuta dakika tano baadaye, kinachobaki kichwani mwake ni maumivu na sura ya mtu aliyekuwa mbele yake. Kesho atajisaidia nyuma ya kochi, mahali ambapo mtu huyo hamwoni. Wengi husema mbwa anajua kosa lake, mbona anainamisha kichwa na kuficha mkia? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha majaribio juu ya suala hilo hilo. Sura ile tunayoiita ya hatia ilijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipomkemea, awe mbwa amekosa au hakukosa. Anachokiogopa ni sauti yetu.

Badala ya kandambili tulinunua daftari la kurasa arobaini na kulifunga kwa uzi kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Kila mtu wa nyumbani, hata mwanangu wa darasa la tatu, aliandika saa, mahali, na alichokuwa akifanya Bobi kabla ya kujisaidia. Safu ya saa haikunishangaza. Mtoto wa mbwa hukojoa akiamka tu, hukojoa au kupata haja kubwa ndani ya nusu saa baada ya kula, na hukojoa katikati ya mchezo, kwetu ikiwa saa kumi alasiri watoto wanaporudi shule. Safu ya mahali ndiyo iliyonikalisha chini. Vigae vya sebuleni. Sakafu ya jikoni. Kibaraza. Njia ya gari. Hakukuwa na majani hata mara moja, wala udongo, wala zulia, ingawa zulia liko mita mbili kutoka alipokuwa akichuchumaa kila siku.

Nikampigia simu aliyetuuzia. Akaniambia Bobi na wenzake walizaliwa na kukulia kwenye banda lenye sakafu ya saruji, linalomwagiwa maji kila asubuhi.

Hapo tatizo lilibadilika sura kabisa. Watoto wa mbwa huanza kujitenga na malazi yao ili kujisaidia wakiwa na wiki tatu hivi, na wakifika wiki ya nane au ya tisa nyayo zao zimeshajifunza choo ni kitu cha namna gani: laini au kigumu, cha baridi au cha joto. Aliyekulia kwenye nyasi hutafuta nyasi. Bobi alikuwa akijizuia uani kwa subira kubwa kwa umri wake, akingoja kufika mahali ambapo miguu yake ingemwambia kwamba sasa inafaa. Tulikuwa tunamwita mkaidi, kumbe ndiye pekee aliyekuwa akifuata mafunzo.

Kwa hiyo tukampelekea sakafu uani. Mafundi walikuwa wametuachia vigae vya ziada, tukapanga kumi na viwili chini ya mparachichi, juu ya majani, na katikati tukasugua tambara lililofuta mkojo wake ndani. Asubuhi ya kwanza alivikanyaga, akazunguka mara moja, akakojoa. Sikuwahi kufurahia mkojo wa kiumbe chochote namna ile. Kisha tukaanza kuviondoa, kimoja kimoja kila baada ya siku mbili, majani yakijitokeza katikati yake. Katika wiki ya pili tukawa na haraka, tukaondoa vinne kwa mkupuo, na jioni ile ile akarudi kibarazani. Tukarudisha viwili, tukaenda polepole tena. Kigae cha mwisho kiliondoka siku ya ishirini na sita.

Vigae vilimwonyesha mahali. Kumthibitishia kwamba amepatia kulihitaji ishara ya haraka kuliko mkono unaoingia mfukoni kutafuta chakula. Ufundi huu hauna ugeni Morogoro. Shirika la APOPO, lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa kidude kinacholia “tik”: mlio unamwambia panya kwamba hicho, sasa hivi, ndicho, kisha ndizi inafuata. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliueleza utaratibu wa aina hiyo tangu mwaka 1951. Sisi tulitumia neno “safi”, kwa sauti ile ile, watu wote. Siku ya kwanza tulimwambia “safi” na kumpa kipande cha dagaa mkavu asiye na chumvi, tena na tena, bila kumtaka afanye lolote, mpaka neno lenyewe likawa linamgeuza kichwa. Kosa moja lilitugharimu siku mbili: watoto walisema “safi” akiwa bado anakojoa, naye alikatisha, akakimbilia dagaa, akaja kumalizia sebuleni. Neno likahamia kwenye tone la mwisho.

Ndani tulifuta kwa siki na maji. Dawa za sakafu zenye amonia hunukia kama mkojo kwa pua yake, kwa hiyo mtu anasafisha huku akimwekea alama ya choo. Usiku alilala kwenye boksi la mbao lenye nafasi ya kugeuka tu, maana mbwa huepuka kuchafua anapolala. Makadirio ya kawaida ni umri wake kwa miezi kuongeza saa moja, hivyo mbwa wa miezi miwili huweza kujizuia saa tatu hivi akiwa amelala. Alamu ya simu iliniamsha saa nane usiku kwa majuma matatu.

Kuna jambo jingine ambalo nyumba nyingi hukosea kwa nia njema. Daktari wa mifugo husema asitembee nje kabla ya kumaliza chanjo, na pavo ni ugonjwa wa kuogopwa kweli. Lakini tangu kazi ya watafiti Scott na Fuller ya mwaka 1965 inajulikana kwamba dirisha la kuzoea dunia hufunguka kwenye wiki ya tatu na kuanza kufungwa karibu na ya kumi na mbili. Tulimbeba kwenye kikapu hadi sokoni na stendi ya bodaboda, bila kumweka chini. Leo pikipiki ikipita, Bobi hainui hata masikio.

Kimebaki kitu kimoja. Akija mgeni mwenye sauti kubwa, anayemwinamia kumsalimu, Bobi huteremsha mgongo na kuachia matone machache. Hili halihusiani na choo hata kidogo. Ni namna ya mbwa mdogo kusema “shikamoo, usiniumize”, na kumkemea huongeza matone. Tumeandika kikaratasi kwenye geti: ingia, pita moja kwa moja, usimtazame, kaa kwanza. Mzee jirani alikisoma juzi, akapita, akaketi na kuteremsha mkono pembeni ya kiti bila kusema kitu. Bobi alimfuata mwenyewe baada ya dakika mbili, na sakafu ilikuwa kavu.